Form ni Gani?

Ikifika Ijumaa jioni, swali ni moja kutoka Rongai hadi Githurai: form ni gani? Anayeuliza hataki hotuba. Anataka kujua mko wangapi, mnaenda wapi, mtafika na nini, na nani kati yenu amelipwa wiki hii. Ukijibu "sina form" umeeleza hali ya mfuko wako na hali ya marafiki zako kwa pamoja, na mwenye heshima zake hatakuuliza zaidi.

Neno lenyewe tulilitoa kwa Waingereza, herufi nne tu, na ni vigumu kupata jingine la urefu huo lililobebeshwa mizigo mingi hivi hapa kwetu. Shuleni lilikuwa darasa: Form One mpaka Form Four. Ofisini ni karatasi: fomu ya kitambulisho, fomu ya mkopo wa HELB, fomu ya kuomba fomu nyingine. Ukipigwa, unatafuta P3. Wakati wa uchaguzi ni 34A, na nchi nzima huwa imeshikilia pumzi mpaka zihesabiwe. Kwenye redio mtangazaji wa mpira anasema mshambuliaji amerudi kwenye fomu, maana yake miguu imeanza kumsikiliza tena. Na kwenye vitabu vya fasihi, neno hilohilo linavaa kanzu na kuitwa fani.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonileta hapa. Hii ni makala ya uhakiki, kwa hivyo wacha niweke shtaka mezani mapema. Katika maana zote za "form" tunazotumia Kenya, ile tuliyopewa katika darasa la fasihi ndiyo dhaifu zaidi. Na ile ya mtaani, ambayo mwalimu angeipigia mstari mwekundu, ndiyo ingetufundisha kusoma.

*

Kama ulipitia sekondari ya Kenya, unaijua hii ngoma. Unapewa shairi kwenye karatasi ya tatu ya Kiswahili, na swali moja linakutaka ueleze umbo lake. Unaanza kuhesabu. Mishororo minne katika kila ubeti, kwa hivyo ni tarbia. Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao. Mizani ni kumi na sita, nane kwa nane. Vina vinabadilika kutoka ubeti hadi ubeti, kwa hivyo ni ukaraguni. Mshororo wa mwisho unarudiwa, huo ni kibwagizo. Unaandika hayo, unachukua alama zako, unafungua ukurasa.

Sasa jiulize: ulihitaji kulielewa shairi? Hapana. Ungeweza kupata alama zote hata kama lingekuwa limeandikwa kwa lugha usiyoijua, mradi tu uweze kuhesabu silabi na kuona herufi zinazofanana mwishoni. Halafu linakuja swali la uhuru wa mshairi, nalo unalijibu kama askari anayeandika makosa ya dereva: hapa amefupisha neno, inksari, hapa amelirefusha, mazida, hapa ameboronga sarufi. Kwa nini alifupisha pale na si kwingine? Hilo halina alama.

Nyuma ya hesabu hii kuna picha ambayo wengi wetu tulipewa ubaoni: fani ni kikombe, maudhui ni chai. Kikombe kinaweza kuwa cha udongo au cha bati, kizuri au kimevunjika sikio, lakini unachokunywa ni chai. Picha hii ni tamu na ni rahisi kukumbuka, na ndiyo shida yake. Ukiiamini, utaamini pia kwamba chai inaweza kumwagwa kwenye kikombe kingine na ikabaki ileile. Ndiyo maana wanafunzi wanaambiwa waandike ubeti upya "kwa lugha ya nathari", na wakimaliza wanafikiri wameshika kilicho muhimu, hayo mengine ni mapambo.

Hebu jaribu na kitu kidogo kabisa. Kitendawili! Tega. Nyumba yangu haina mlango. Jibu ni yai. Sasa mimina hiyo chai kwenye kikombe kingine, uiweke kwa nathari safi: yai halina mlango. Kuna nini hapo? Hakuna kitu. Hata mtoto wa chekechea atakuangalia vibaya. Kilichokuwepo kilikuwa kule kutega na kuteguliwa, ile nukta ambapo mwenzako anatafuta nyumba kichwani mwake, anashindwa, anakupa mji, na wewe unautembelea mji wake kwa maringo kabla ya kumpa jibu. Kitendawili kinahitaji watu wawili na kipande cha muda kati yao. Ukiondoa mpangilio huo, hukuti chai ikikungoja chini.

Lugha yenyewe ilishatuambia hivyo, sisi ndio hatukusikia. Neno tunalotumia kwenye mtihani ni umbo, na umbo limetoka kwa kuumba. Mfinyanzi haumbi chungu kwa kutafuta kwanza chungu kitupu. Anaanza na udongo na mikono, na chungu kinakuja kutokana na jinsi mikono ilivyokwenda. Anayeuliza umbo la shairi anatakiwa kuuliza mikono ilikwendaje. Sisi tunampa hesabu ya vyungu.

*

Ukitaka ushahidi kwamba fomu huwa haijakaa tu ikingojea kujazwa, nenda kituo cha polisi.

P3 ni karatasi ya polisi, lakini sehemu yake muhimu hujazwa na daktari. Mtu amepigwa, amefika, na daktari anatakiwa kueleza majeraha yake na kupima uzito wake kwa maneno ambayo sheria iliyaweka tayari kabla hata ya ngumi kurushwa. Aliyepigwa amekuja na mengine pia: usingizi uliokatika, ile njia ya nyumbani anayoiogopa sasa, watoto waliokuwa wakiangalia. Karatasi haiulizi sana hayo. Sisemi P3 ni mbaya. Bila hiyo, kesi nyingi za kupigwa hazingesimama kortini hata dakika tano. Ninachosema ni kwamba fomu inaamua ni sehemu gani ya kilichotokea itaitwa "kilichotokea".

Au chukua 34A. Kura yako ikishaingia kwenye sanduku, hiyo imeenda, huioni tena. Kinachosafiri kutoka kituoni ni fomu: idadi zilizoandikwa kwa mkono, sahihi za mawakala, muhuri. Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta uchaguzi wa urais, na sehemu kubwa ya kesi ile ilihusu fomu: zilijazwaje, zilitumwaje, zilikuwa na alama zinazotakiwa au la. Mwaka wa 2022 tume ya uchaguzi ikaweka picha za 34A kwenye tovuti, kutoka vituo zaidi ya 46,000, na vijana wakakesha wakizifungua moja moja na kujumlisha kwa vikokotoo vya simu. Hiyo ilikuwa usomaji wa karibu. Watu ambao walilala kwenye somo la fasihi walikuwa sasa wanabishana kuhusu mwandiko, nafasi zilizoachwa wazi, namba iliyokatwa na kuandikwa upya juu yake. Hakuna aliyewaambia fomu ni kikombe tu. Walijua kwamba bila fomu, kura milioni kadhaa ni uvumi.

Na kuna fomu yangu mimi. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, na hata kuacha kuna karatasi yake. Unazunguka nayo idara, maktaba, hosteli, ofisi ya michezo ambako hukuwahi kuguza mpira, kila mtu aweke sahihi kwamba hudaiwi kitu. Juu kabisa palikuwa na "sababu ya kuondoka" na visanduku vinne: afya, fedha, familia, nyingine. Mama alikuwa mgonjwa. Karo ikaenda hospitali. Bila karo sikuruhusiwa kufanya mtihani. Kwangu hicho kilikuwa kitu kimoja, kimefungwa fundo, kwa hivyo nikaweka tiki tatu. Karani, mama mpole aliyekuwa na shali mabegani, akanirudishia karatasi. "Weka moja tu, mwanangu. Ukiweka tatu, sistimu inakataa."

Nikaweka fedha. Kwenye rekodi za chuo kile, mimi ni mtu aliyeondoka kwa sababu ya pesa. Mama hayumo. Kama fomu ingekuwa kikombe, chai yangu ingeingia yote, au angalau ingemwagika mezani watu waione. Haikumwagika. Theluthi mbili zake ziliacha tu kuwepo.

Kiswahili sanifu, kwa bahati, kilikataa "form" ya shule na kuchukua kidato. Kabla ya kuwa darasa, kidato ni ile pengo dogo linalochongwa kwenye shina la mnazi ili mkwezi apate pa kuweka mguu. Waingereza nao wanalo benchi refu lisilo na mgongo, la kukaliwa na wanafunzi kwa safu, na hilo pia huitwa "form". Neno moja linakukalisha, jingine linakupandisha. Nikifikiria miaka yangu ya shule, na wale tuliokuwa nao, nadhani tuliambiwa tunapanda huku tukiwa tumekalishwa. Sasa hata jina linaondoka. Walioingia Form One Januari 2024 ndio wa mwisho wa 8-4-4. Watafanya KCSE yao 2027, wafunge mlango, na nyuma yao ni Grade 10 na kuendelea. Mkwezi akianguka, watu humwangalia mkwezi. Ni wachache wanaokwenda kuangalia vidato vilichongwaje.

*

Turudi mtaani, kwa sababu huko ndiko neno hili lilipata akili.

Angalia vile swali linavyofanya kazi. Kwanza, form ni gani haiulizwi na mtu aliye peke yake. Ni lazima kuwe na mbogi, hata kama ni ya watu wawili na simu yenye asilimia nane ya chaji. Pili, inaangalia mbele: jambo halijafanyika, linapangwa. Tatu, inajumuisha vitu vyote kwa mpigo, yaani mahali, watu, pesa, saa, njia ya kurudi nyumbani. Ukiniambia "form ni kwa kina Otis" bila kuniambia nitarudi na nini saa saba usiku, hujanipa form, umenipa anwani. Na nne, form hupimwa kwa matokeo. Form inaweza kujipa, form inaweza kukataa. Hakuna anayesema form ni nzuri kwa sababu ina sehemu zote nne.

Sasa weka hiyo mbele ya shairi. Badala ya kuuliza lina mishororo mingapi, uliza: form ni gani hapa? Limekusanya nani? Linatupeleka wapi? Lina nini mfukoni, na litatufikishaje? Kisha, je, limejipa? Bado utahitaji kuhesabu mizani, sikatai. Sina ugomvi na arudhi. Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka wa 1954, na mtu anayetaka kuandika tarbia bila kujua sheria hizo ni kama mtu anayepika pilau kwa kusikia harufu ya jirani. Lakini hesabu iwe ushahidi wa kujibu swali, isiwe swali lenyewe.

Nitalijaribu kwa vitabu viwili vilivyotoka mwaka mmoja baada ya mwingine.

Cha kwanza ni Sauti ya Dhiki, cha 1973. Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, aliandika kijitabu kilichouliza Kenya inaelekea wapi, mwaka wa 1968. Serikali ikamjibu kwa jela, 1969 hadi 1972. Alikuwa katika miaka yake ya ishirini, rika letu. Mashairi aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za choo, kwa Kimvita, na yanafuata arudhi. Mwanafunzi wa kikombe na chai atakwambia: maudhui ni dhuluma na ukakamavu, fani ni ya kimapokeo, mshairi ametumia lahaja. Sawa, alama umepata. Lakini hukuona jambo la kushangaza lililo mbele yako. Kwa nini mtu aliyefungiwa, ambaye kila kitu chake kinapangwa na wengine, saa ya kula, saa ya kulala, saa ya kuona jua, ajiongezee sheria nyingine? Si angeandika anavyotaka? Karatasi ya choo ilikuwa ndiyo sehemu pekee ambayo askari hampangii.

Uliza form ni gani, jibu linaanza kuja. Vina na mizani ni njia ya kubeba. Kitu chenye mapigo na mwisho unaorudi kinakaa kichwani hata karatasi ikichukuliwa, na aliye gerezani anajua karatasi inaweza kuchukuliwa wakati wowote. Arudhi pia inakusanya watu. Mtunzi peke yake katika chumba chake, akiandika kwa vina ambavyo watunzi wa Mvita na Lamu walivipima kwa vizazi, hayuko peke yake tena, ana mbogi ya miaka mia kadhaa. Na Kimvita hakikuwa "uhuru wa mshairi", kana kwamba aliomba ruhusa. Ilikuwa lugha ya nyumbani kwao. Moja ya mashairi yale linaitwa "Siwati", yaani siachi, na linakataa kuacha msimamo. Ukilisoma ukijua limetungwa wapi, utaona kwamba kushika mizani na kushika msimamo ni kitendo kimoja. Serikali ilikuwa imemjazia fomu yake: jina, kosa, miaka. Naye akajaza ya kwake, yenye sheria alizozichagua mwenyewe. Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya fomu unayopewa na umbo unaloliumba.

Kitabu cha pili ni Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, 1974. Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliacha vina na mizani ya lazima akaandika kwa mapigo ya usemi wa kawaida. Wengine walikasirika. Wapo waliosema hayo si mashairi ya Kiswahili hata kidogo, na ubishi kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko ukawaka kwa miaka. Ukiutazama ubishi ule kwa jicho la kikombe, utaona watu wanagombana kuhusu vyombo: wengine wanataka vya zamani, wengine vya kisasa. Ukiutazama kwa jicho la form ni gani, unaona kitu kingine. Kezilahabi alikuwa na safari tofauti. Alitaka shairi lifikiri mbele yako, lisite, likatike katikati ya wazo, lisikupe kibwagizo cha kupumzikia. Jina la diwani lenyewe ni maumivu, yale ya ubavuni yanayokukata pumzi ukitaka kuivuta. Utaandikaje pumzi inayokatika kwa mishororo ya nane kwa nane inayopumua vizuri hivyo?

Kwa hivyo nani alikuwa sahihi, Abdilatif au Kezilahabi? Swali hilo linatoka kwenye kabati la vikombe. Mmoja alihitaji umbo linaloshikilia, kwa sababu kila kitu kilichomzunguka kilikuwa kinajaribu kumvunja. Mwingine alihitaji umbo linaloachilia. Kila mmoja aliangalia hali yake na watu wake, akapanga form, na kwa macho yangu form zote mbili zilijipa.

*

Najua kuna msomaji ananiambia: buda, umecheza na maneno tu. "Form" ya Sheng ni mpango wa wikendi, "form" ya fasihi ni kitu kingine, na wewe umeyagonganisha kwa sababu yanafanana sauti.

Ingekuwa hivyo kama neno lenyewe lingekuwa na nidhamu huko lilikotoka. Halina. Mwingereza akisema mtu fulani "ana form", anaweza kumaanisha ana rekodi ya uhalifu. Mchezaji akiwa kwenye fomu, anasifiwa. Na kuna maana moja ya mashambani kwao ambayo naipenda kuliko zote: kitanda cha sungura wa porini. Sungura yule hachimbi shimo. Analala kwenye nyasi, mwili wake unazikandamiza, na lile bonde dogo linalobaki akishatoka huitwa "form". Sisi, ambao sungura wetu ni mjanja wa hadithi zote, anayemzidi simba na fisi kwa mpango tu, tunaweza kulielewa hilo haraka. Kitanda chake hakikununuliwa kikiwa kitupu. Kilitokana na uzito wake na mahali alipochagua kulala.

Lakini pia sitaki kuifanya form ya mtaani kuwa malaika. Kuna form chafu. Kuna form ambayo wanne wanakula na wa tano analipa, na kuna ile ya wakubwa, inayopangwa hotelini na kulipwa na watu ambao hawakuwepo mezani. Ndiyo sababu naona swali hili lina nguvu kwa mhakiki: linabeba ndani yake swali la haki. Nani yuko kwenye hii form? Nani ameachwa? Nani atalipa? Ukisoma riwaya ambamo wafanyakazi wa nyumbani wanaingia na kutoka na chai lakini hawapewi sentensi hata moja ya mawazo yao, hiyo ni form, na mtu fulani ameilipia. Ukisoma fomu yenye visanduku vinne na ruhusa ya tiki moja, vilevile. Hesabu ya mishororo haiwezi kukuonyesha hayo.

Hii inatugusa sisi tunaoandika sasa. Kila mwandishi kijana ninayemjua amewahi kuambiwa kazi yake "haina fani". Ameandika hadithi kama mfululizo wa meseji za WhatsApp, ameandika shairi lililochanganya Sheng na Kikamba, ameandika insha inayoruka kutoka kitu hadi kitu kama makanga mlangoni, na mtu mwenye shahada anamrudishia akisema umbo liko wapi. Wakati mwingine mtu huyo ana haki. Kuna kazi zetu nyingi ambazo ukiziuliza form ni gani, zinakuangalia tu. Sheng imewekwa kwa sababu ni Sheng, mishororo imekatwa kwa sababu kukata kunaonekana kisasa, na hakuna anayekwenda mahali. Hiyo ni sawa na mtu aliyevaa kutoka juu hadi chini halafu anakaa kitandani kuangalia simu.

Lakini wakati mwingine mwenye shahada amekuja na kisanduku chake, na anakataa tiki tatu. Hapo usikimbilie kusema kwamba wewe ni huru na fani ni ya wazee. Ukisema hivyo umekubali kwamba kikombe ni chake. Mwonyeshe. Mwambie meseji hizi zimewekwa hivi kwa sababu wahusika wawili hawawezi kuambiana ukweli uso kwa uso, na ile alama ya kuonyesha kwamba ujumbe umesomwa bila kujibiwa ndiyo kilele cha hadithi. Mwambie Kikamba kinaingia pale bibi anapoongea kwa sababu hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kumsikia bibi akilia kwa Kiswahili. Kama huwezi kumwonyesha, rudi ukaandike tena. Kama unaweza na bado hataki, tafuta msomaji mwingine.

Mimi sikurudi chuoni. Mama yuko, anaendelea vizuri, na mara kwa mara ananiuliza kazi yangu hasa ni nini. Juzi alikuta rasimu ya makala hii mezani, akaisoma akiwa amesimama, miwani puani, mpaka ile sehemu ya karani. Akaniuliza kwa nini sikuweka tiki kwenye "nyingine". Nikamwambia hapo kulikuwa na nafasi ya mstari mmoja tu. Akafikiria kidogo. "Basi hapa umepata kurasa," akasema, akaenda kuweka maji ya ugali.